Vishale: Ni Kazi ya Mtu au Mchezo wa Vilabuni?

Ndugu msomaji, ahadi ni deni, na makala haya ni malipo ya deni nililojitia mwenyewe barazani. Ilikuwa baada ya swala ya Isha, dele la kahawa limekwisha kuzunguka mara mbili, na mazungumzo yamehama kutoka bei ya samaki hadi mambo ya dunia. Kijana mmoja wa mtaani akatoa simu yake akatuonyesha picha ya kijana wa Kiingereza aliyekumbatia kombe kubwa.

"Huyu," akasema, "amepata pauni milioni moja kwa kurusha vishale ukutani."

Mzee wetu mmoja akaweka kikombe chini. "Vishale vile vya vilabuni? Astaghfirullah. Mwanangu, huo ni mchezo wa walevi. Usituletee hapa."

"Lakini babu," kijana akajibu kwa adabu, "huyu alipoanza kuvuma, hata ruhusa ya kuuziwa bia hakuwa nayo. Alikuwa mtoto wa miaka 16."

Baraza likagawanyika pande mbili kama ngalawa iliyopasuka. Mmoja akasema pesa ni pesa, mwingine akasema si kila chenye pesa kina baraka. Mwishowe macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niandikaye gazetini, na desturi ya baraza letu ni kwamba mwandishi lazima awe anajua kila kitu. Nikasema nipeni muda. Muda nimeupata, na haya ndiyo niliyoyaona.

Shabaha ya milimita 8

Kijana huyo ni Luke Littler, aliyezaliwa Januari 21, mwaka 2007, akakulia mji wa Warrington, ulio kati ya Liverpool na Manchester. Kabla hatujamhukumu yeye, ni haki kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana wengi wetu tunauhukumu kwa kuutazama kupitia dirisha.

Ubao wa vishale ni wa mviringo, umegawanywa vipande 20. Mchezaji husimama mita 2.37 kutoka ubaoni, na kitovu cha ubao kiko mita 1.73 juu ya sakafu. Kila mmoja huanza na alama 501, akazipunguza kwa vishale vitatu vitatu mpaka zishe kabisa. Lakini haziishi ovyo ovyo. Kishale cha mwisho lazima kiingie katika ukanda mwembamba wa nje, ule unaohesabu alama maradufu, au katikati kabisa ya kitovu, na hesabu itoke sawasawa bila kuzidi wala kupungua. Ndani zaidi kuna ukanda mwingine unaohesabu mara tatu. Upana wa kanda hizo ni milimita 8, yaani kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho.

Tena aliyepanga nambari zile alikuwa mtu mwenye hila. Kipande cha 20, kinachotamaniwa na kila mtu, kimewekwa kati ya 5 na 1. Ukipiga ukanda wa mara tatu wa 20 unapata 60. Mkono ukiyumba kidogo kushoto unaambulia 5, ukiyumba kulia unaambulia 1. Huo ni ubao unaomlipa mwenye utulivu na kumwadhibu mwenye pupa. Anayecheza bila kosa hata moja hummaliza mwenzake kwa vishale 9 tu, na hilo ndilo jambo ambalo wachezaji wa kazi hii hulihesabu kuwa ukamilifu.

Sasa niambie, ndugu yangu, mtoto wa Lamu au wa Likoni anayepopoa embe moja tawini kwa kokoto, akaliacha la pili lisitikisike, anafanya nini kama si kazi hiyo hiyo? Tofauti ni kwamba yeye akirudi nyumbani na embe hupigwa kwa sababu mti ni wa jirani.

Kishale kimoja kilichokosa

Littler hakuanza jana. Alikuwa hajatimiza miaka miwili alipokuwa akirusha vishale vya sumaku kwenye ubao wa kuchezea nyumbani. Baadaye akapelekwa katika chuo cha vishale cha watoto mjini St Helens, si mbali na kwao, mahali ambapo watoto hukutana kufundishwa na kushindanishwa. Akapanda mashindano ya watoto, kisha ya vijana, ngazi moja baada ya nyingine. Novemba 2023 akawa bingwa wa dunia wa vijana, akimshinda Mholanzi Gian van Veen kwa 6-4. Jina hilo tuliweke, tutalirudia.

Mwezi uliofuata akaingia mashindano ya wakubwa, yanayochezwa kila mwaka katika ukumbi wa Alexandra Palace, juu ya kilima kaskazini mwa London. Katika mchezo wake wa kwanza alipata wastani wa alama 106.12 kwa kila vishale vitatu, kiasi ambacho hakuna mgeni wa mashindano hayo aliyewahi kukifikia. Kisha akawapita waliokuwa mabingwa kabla yake mmoja mmoja. Alimtoa Raymond van Barneveld, bingwa mara tano na mtu ambaye yeye angeweza kuwa mwanawe. Akamtoa Rob Cross, bingwa wa mwaka 2018. Magazeti ya Uingereza yakaandika juu ya mkono wake, na yakaandika pia juu ya kababu alizokuwa akizipenda. Kwa sisi watu wa pwani hilo la mwisho lingetosha kumpa heshima!

Januari 3, mwaka 2024, akasimama kwenye fainali mbele ya Luke Humphries. Katika Uingereza yenyewe, watazamaji milioni 3.71 walikuwa wameiwasha televisheni ya Sky fainali ilipofikia kilele. Littler alikuwa akiongoza kwa seti 4-2, na mkononi ana kishale cha kuchukua seti ya tano. Alichohitaji ni maradufu ya 2, kipande kile kile cha milimita 8. Kishale kikakosa. Humphries akaamka, akachukua seti tano mfululizo, na kombe likaondoka kwa 7-4.

Hapa ndipo nilipoanza kumtazama kijana huyu kwa jicho jingine. Kushinda humfunza mtu kidogo. Mtoto wa miaka 16 aliyekosa kwa upana wa ukucha, mbele ya mamilioni, angeweza kununa au kulewa sifa. Wiki mbili baadaye akapanda ndege kwenda Bahrain, na huko, katika kisiwa cha Ghuba ambacho watu wetu wamekijua tangu enzi za majahazi, akacheza mchezo mkamilifu wa vishale 9 mbele ya televisheni, akamshinda Michael van Gerwen katika fainali kwa 8-5. Kombe lake la kwanza kubwa la televisheni kati ya wakubwa alilichukua katika nchi ya Waislamu.

Mengine yalifuata kama mawimbi ya kusi. Mei 2024 akalitwaa kombe la ligi kuu ya vishale. Januari 3, mwaka 2025, akiwa na miaka 17, akamshinda tena van Gerwen, safari hii kwa 7-3, akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliopata kuwapo. Julai 2025 akashinda kombe la Blackpool. Novemba mwaka huo akapanda kuwa wa kwanza duniani kwa hesabu ya fedha za mashindano. Na Januari 3, mwaka 2026, akatetea taji lake kwa 7-1. Aliyemshinda ni nani? Ni yule yule Gian van Veen wa fainali ya vijana. Wawili hao walikutana kwanza katika ngazi ya chini, wakakutana tena juu kabisa. Ngazi ilikuwapo, ndiyo maana walipanda wote wawili.

Nyumba ya pombe na moshi

Sasa turudi kwa mzee wetu, kwa maana neno lake halikutoka hewani. Mimi mwenyewe ubao wa vishale niliuona mara ya kwanza nikiwa mdogo, nilipotumwa kwa mjomba wangu aliyekuwa mpishi katika klabu moja mjini Mombasa. Nilisimama mlangoni nikitazama watu wakirusha, nimesahau nilichotumwa. Nilipofika nyumbani nikisimulia kwa furaha, mama aliuliza jambo moja tu: "Klabuni uliingia mpaka wapi?" Mengine sitayasimulia hapa.

Mchezo huu ulilelewa katika vilabu vya pombe vya Uingereza, hakuna wa kulikana hilo. Mashindano ya dunia yalipoanzishwa mwaka 1978, mdhamini wake alikuwa kampuni ya sigara, na mshindi, Leighton Rees wa Wales, alipata pauni 3,000. Wachezaji walipanda jukwaani wakiwa na glasi mkono mmoja na sigara mkono mwingine, na watu wakaona ndiyo ada. Yupo Jocky Wilson wa Scotland, aliyekulia katika nyumba ya mayatima, akawa bingwa wa dunia mwaka 1982 na tena 1989. Mkono wake ulipendwa na Uingereza nzima, na glasi yake ikachekewa na Uingereza nzima. Siku za ushindi zilipokwisha, alijifungia nyumbani kwao Kirkcaldy akawa haonekani, akafa Machi 2012 na miaka yake 62, hana mali ya kutajwa. Waliochekea glasi hawakuwapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 televisheni zilianza kuukimbia mchezo huu. Wenyewe wakagutuka. Pombe na sigara zikapigwa marufuku jukwaani. Mapema mwaka 1993 wachezaji 16 wakubwa wakajitenga na chama chao cha zamani wakaanzisha chao, kwa hoja kwamba hii ni kazi na kazi haina budi kuwa na heshima yake. Kesi ya ugomvi huo haikumalizika mpaka mwaka 1997. Miongoni mwao alikuwa Phil Taylor, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda huko Stoke-on-Trent. Mkopo wa kuanzia alikopeshwa na bingwa mwenziwe, Eric Bristow, kisha mwaka 1990 akamshinda huyo huyo aliyemkopesha. Taylor aliondoka kazini mwaka 2018 na mataji 16 ya dunia. Kwa hiyo kutoka pauni 3,000 za mwaka 1978 hadi pauni milioni moja za mwaka 2026 kuna njia ndefu, na waliotangulia waliifyeka.

Basi je, nyumba imesafishwa? La, haijasafishwa. Jukwaani mchezaji hunywa maji, lakini ukumbini mbele yake maelfu wameketi kwenye meza za bia. Mdhamini wa sigara ameondoka, na mahali pake wamepokezana wadhamini wa kamari. Hebu liangalie ajabu hili: Desemba 2023 mtoto yule alipokuwa akiujaza ukumbi, sheria ya nchi yake ilikuwa haimruhusu kununua kinywaji kilichouzwa mle ndani, wala kuweka dau katika kampuni ambayo jina lake lilibandikwa jukwaani kwake. Vyote viwili ni kwa mwenye miaka 18. Kwa maneno mengine, Waingereza wenyewe wanajua kwamba vitu vile havifai watoto, kisha wakamweka mtoto katikati awavutie wateja.

Kombe na dau

Hapa ndipo penye fundo la mjadala wetu, na hapa nataka tuende taratibu. Waliosoma vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Shafii wanajua kwamba umo mlango mzima wa mashindano ya farasi na ya kurusha mishale. Wanavyuoni hawakuona haya kuandika juu ya shabaha, umbali, na idadi ya mishale. Nao walitenganisha vitu viwili. Ikiwa zawadi inatolewa na mtu wa tatu asiyeshindana, hiyo ni tuzo. Ikiwa washindani wawili kila mmoja anatoa chake, na atakayeshinda anavizoa vyote, hapo mlango wa kamari umefunguka.

Kwa kipimo hicho, anayepanda jukwaani Alexandra Palace hatoi dau. Anatumia ustadi wake na anapewa tuzo na wenye mashindano. Anayecheza kamari ni yule aliyekaa pembeni na simu yake, asiyejua hata kukishika kishale, anayeweka pesa ya karo akitarajia mkono wa mtoto wa watu umtajirishe. Huyo tunaye hapa kwetu, tena wengi, na hahitaji ubao wa vishale kwa sababu mpira unamtosha. Ulevi na kamari vimetajwa pamoja katika Suratul Maida, na mzee wetu alipoona kimoja akashuku cha pili, hakukosea. Alikosea mahali pamoja tu: mkono unaolenga aliuhesabu pamoja na glasi iliyowekwa kando yake.

Ama tuzo inayotokana na mfuko wa mwenye kamari hukumu yake ni ipi, hilo nawaachia masheikh, kalamu yangu haifiki huko. Wala asije mtu akatuambia kwamba mashindano yakipelekwa Ghuba basi yametakasika. Dubai waliyaandaa tangu mwaka 2013, Bahrain wakafuata mwaka 2023, na Januari 2026 ubao ukatundikwa Riyadh. Wenye mali hualika wanachokitaka, na kualika si fatwa. Lakini Riyadh inatuonyesha jambo moja lenye faida: ubao ulitundikwa katika ukumbi usiouza bia, na vishale vikaruka vile vile. Kumbe pombe haikuwa nguzo ya mchezo. Ilikuwa mpangaji tu aliyekaa mpaka akadhaniwa ni mwenye nyumba.

Na kwetu je?

Desemba 2025, katika mashindano yale yale, Mkenya alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Jina lake David Munyua, daktari wa mifugo, aliyefuzu kupitia Afrika. Aliwekewa Mbelgiji Mike De Decker, mtu mwenye kombe kubwa la mwaka 2024 kabatini mwake. Munyua akawa nyuma kwa seti mbili bila jibu, na wengi wangeanza kufunga virago. Hakufunga. Akazirudisha zote mbili, akachukua na ya tatu, akashinda 3-2. Raundi ya pili hakuivuka, lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kuuliza: huyu katoka wapi?

Swali hilo lituume sisi pia. Littler alipoonekana na dunia alikuwa na miaka 16, na nyuma yake miaka 14 ya ubao nyumbani, chuo cha watoto, mashindano ya watoto, mashindano ya vijana. Munyua alipoonekana alikuwa mtu mzima mwenye kazi nyingine ya kumlisha. Vipaji vyao sivipimi. Napima ngazi zilizowekwa mbele yao, na ya huku kwetu ina vidato vichache, tena vilivyo mbali mbali.

Na kwa mtoto wa Kiislamu wa pwani ngazi hiyo ni fupi zaidi, kwa sababu ubao unapopatikana, mara nyingi huwa ndani ya baa. Tunamwambia asiingie, na ni haki yetu kumwambia. Lakini tukisha kumfungia mlango ule, mlango gani mwingine tumemfungulia? Watoto wetu wenye macho makali na mikono mitulivu wanakaa maskani kutwa nzima. Wapo wanaosubiri matokeo ya mpira walioutilia dau. Wapo walioangukia katika unga, na majina yao tunayajua kwa sababu mama zao ni jirani zetu. Hao hawakupotezwa na vishale.

Sisemi kila mtoto awe Littler. Katika wachezaji 128 walioingia mashindano ya mwaka 2026, bingwa alitoka mmoja, na anayemwachisha mtoto shule ili arushe vishale amempoteza mara mbili. Nasema ubao wa vishale si ghali kama uwanja wa mpira, na hauhitaji nafasi kubwa kuliko ukumbi wa shule au chumba cha chama cha vijana. Ukitundikwa pale, chini ya jicho la mwalimu, hauna glasi wala dau. Unafunza hesabu, kwa maana anayecheza hutoa na kugawa kichwani kila dakika. Unafunza subira, kwa maana 1 na 5 wamekaa wakimngoja mwenye pupa. Tena unafunza kukosa mbele za watu na kurudi kesho yake, somo ambalo wakubwa wengi hatukuwahi kulipata.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea mzee wetu barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi. Kisha akauliza, "Huo ubao mkautundika madrasa?"

Nikamwambia, "La, babu, si madrasa. Shuleni, au kwenye ukumbi wa vijana."

Akanyamaza kidogo. "Na nani atakuwa akisimama pale kuwachunga?"

Sikuwa na jibu, na hakuna mwingine barazani aliyekuwa nalo. Kila mmoja alitazama kahawa yake. Nadhani hilo ndilo swali lenyewe, kuliko lile la kwanza tuliloanza nalo, na nalirudisha kwako wewe msomaji mwenye ukumbi, mwenye shule, au mwenye jioni moja ya wiki isiyo na kazi.